UZI: Unajenga Malindi ama Lamu? Ile nyumba ya vioo ya kwenye video ni ya watu wa baridi

Penseli_Barani
Salaam wadau. Kuna video imezunguka sana kwenye magrupu ya ujenzi, nyumba safi kweli, upande mmoja wote ni kioo kutoka sakafuni hadi juu, sakafu ya zege nyeusi, jamaa anaeleza vile jua linaingia ndani mchana linapasha sakafu halafu usiku sakafu inalirudisha lile joto pole pole, hakuna paneli, hakuna mashine, bili ya stima inashuka. Mimi kazi yangu ni kuchora ramani hapa Malindi na tangu ile video itoke wateja wananiletea simu, "nichoree hii, nataka nyumba inayotumia jua". Badala ya kumjibu kila mmoja wacha niandike hapa.

Ile nyumba haina uongo. Kule ilikojengwa inafanya kazi vizuri. Kuna mahali Ufaransa panaitwa Odeillo, kwenye milima ya Pyrenees, mwaka 1967 Félix Trombe na msanifu Jacques Michel walijenga nyumba huko zenye ukuta mnene uliopakwa rangi ya giza na mbele yake kioo. Jua linapiga ukuta, ukuta unalishika joto, masaa yanapita ndio linatokea upande wa ndani, na mwenye nyumba analipokea usiku theluji ikiwa nje. Anashukuru. Sasa wewe wa Muyeye ama Ngala hapa Malindi, saa nne usiku ukuta unakuletea joto la saa tisa mchana, utamshukuru nani?

Sisi wa pwani jua tunalitumia kwa kulikwepa. Elimu ni ile ile ya jua linatoka wapi linapita wapi, ila sisi tunaisoma ili tujue pa kuziba.

Malindi tuko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta, Lamu 2 na kidogo. Kwa hivyo jua halikai upande mmoja mwaka mzima. Juni saa sita mchana limelalia kaskazini, Desemba limelalia kusini, na mara mbili kwa mwaka, kwetu Malindi ni kama wiki ya pili ya Machi na tena mwanzo wa Oktoba, linapita juu ya utosi kabisa. Ile ya kwenye video ya "elekeza kioo kusini" hapa haina kazi. Ukuta wa kaskazini na wa kusini ni rahisi kuulinda kwa sababu jua likipita pande hizo liko juu sana: paa likitokeza futi moja nje ya ukuta, jua la saa sita la Juni linazuiwa futi mbili kwenda chini upande wa kaskazini, na la Desemba futi mbili na nusu na zaidi upande wa kusini. Ukitokeza futi tatu dirisha lote liko kivulini. Sasa nenda magharibi, saa kumi na kitu jioni, jua liko chini linakuangalia usoni, ile futi moja inakufunikia inchi saba hivi basi. Huko hakuna paa litakalokuokoa. Magharibi weka stoo, weka choo, weka ngazi, weka ukuta mtupu, panda mti, chochote ila usiniambie nikuwekee slaidi ya aluminiamu ya futi nane eti uone machweo.

Na hapo bado sijafika kwa adui mwenyewe, ambaye ni paa. Nitarudi.

MwanaMkomani
Ndugu yangu haya wazee wetu waliyamaliza zamani. Mimi ni mtu wa Mkomani, Lamu, nyumba yetu ni ya mawe na boriti za mkoko, kuta ukikaa kwenye dirisha miguu yote inaenea. Ndia (njia) zetu nyembamba, punda wawili wenye shehena wakikutana mmoja lazima arudi nyuma, yua halifiki tini ila pale katikati ya mchana kwa muda mfupi. Ukipita tini ya wikio, kile chumba kilichovuka ndia kutoka nyumba hii hadi ile, unahisi baridi ya ghafla kama umefunguliwa mlango. Ukiingia ndani una daka (kibaraza cha mlangoni), kisha kiwanda, yaani ua wa ndani, kiko wazi yuu, kisha vyumba virefu, msana wa tini, msana wa yuu, mpaka ndani kabisa, kila hatua mwanga unapungua na joto linapungua. Upande wa nje madirisha ni machache, nyumba inapumua kupitia kiwanda. Na nyingi zimeelekea kaskazini, upande wa kibla. Mui (mji) mzima ukaandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, halafu mtu anatafuta ramani kwenye video ya mzungu.

Hesabu_Tu
@MwanaMkomani asante sana hii ndio nilikuwa natafuta. Kwa hivyo Penseli mimi nina ploti kule nyuma ya Mtangani, iko wazi, nikijenga ukuta mnene kama wa Lamu, tuseme futi moja na nusu, si shida imeisha? nimeona mahali pengine pia wanasema ukuta mnene ndio siri yote

Penseli_Barani
Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapotelea kwa hivyo nivumilieni kidogo.

Ukuta mnene hauondoi joto, unalichelewesha. Sasa ili ucheleweshaji ukusaidie lazima usiku uwe baridi vya kutosha ule ukuta ujitue. Nairobi mchana ni 25 hivi, usiku unashuka hadi 13 ama 14, ukuta unapata pa kulimwaga joto lake. Sisi Malindi mchana 30, 31, usiku 24, ama 25 ikiwa ni Machi. Tofauti ni kidogo mno, ukuta unaamka asubuhi bado una joto la jana na la leo linaongezwa juu yake.

Mbona basi Lamu inafanya kazi? Kwa sababu ule ukuta hauoni jua! Soma tena alivyoandika MwanaMkomani, ndia nyembamba, wikio, nyumba imeegemea nyumba, kiwanda kimezungukwa na kuta ndefu. Ukuta wa Mkomani uko kivulini siku nzima ndio maana ukiuegemea una ubaridi. Uchukue ukuta huo huo uuweke kwenye ploti yako ya wazi nyuma ya Mtangani, magharibi hakuna mti wala jirani, unapigwa na jua kuanzia saa nane mpaka magharibi, utakuwa umejijengea tanuru na umelipa pesa mingi zaidi kuliko mwenye bloku ya inchi sita.

Kwa ploti ya wazi mimi nachora hivi: nyumba nyembamba, chumba kimoja upana wake, ndefu kutoka mashariki kwenda magharibi ili pande ndefu ziangalie kaskazini na kusini, paa pana, baraza, na madirisha pande mbili za kila chumba. Nyumba ya mraba yenye korido katikati, ile ya vyumba vitatu inayochorwa kila siku, ndio mbaya kuliko zote kwa pwani, chumba kina dirisha moja, upepo utaingia vipi na hauna pa kutokea?

Bi_Mwangaza
Dada yenu wa Watamu hapa. Nimesoma nyumba iwe ndefu mashariki magharibi, lakini bahari iko mashariki na upepo si unatoka baharini? Kwa hivyo ubavu mwembamba ndio unaangalia upepo. Hapo imekaaje mwalimu

Penseli_Barani
Bi Mwangaza swali zuri mpaka nimetabasamu. Pwani yetu jua la asubuhi na upepo vinaingia kwa mlango mmoja. Lakini angalia, kaskazi unatoka kaskazini mashariki, Desemba mpaka Machi hivi, na kusi unatoka kusini mashariki, kuanzia Aprili mpaka Septemba huko. Hakuna unaotoka mashariki nyoofu. Upepo ukipiga ukuta wa kaskazini kwa ubavu bado unaingia, na ukuta wa kusini hivyo hivyo ukigeuka msimu. Kama mahali pako pana upepo mzuri unaweza kuigeuza nyumba kidogo, haina haja iwe kama imepigwa rula. Na upande wa mashariki usiuzibe, weka baraza la kina, futi nane ama kumi, madirisha ya luva, yale ya vipande vinavyofunguka, nyuma yake. Jua la asubuhi likifika saa tatu na nusu limeshapanda, baraza linalizuia, upepo unapita.

Madirisha ya kutokea fanya makubwa kuliko ya kuingilia, ama angalau yalingane. Na weka matundu juu karibu na dari, hewa ya moto inapanda, ikikosa tundu inakaa pale juu inakungoja.

Sola_ChapChap
Wadau mnajisumbua bure, hii ni 2020 na kitu. Jenga nyumba unavyotaka, piga paneli juu, weka inverta, washa AC, lala. Jua hilo hilo linalokuchoma ndio linakupoza, kuna raha gani zaidi ya hiyo

Hesabu_Tu
Sola_ChapChap wacha nikuhesabie ndio jina langu. Feni ya dari inakula wati 60 hivi. AC ya BTU 12,000 ikiwa inasukuma ni wati elfu moja na zaidi. Mchana sawa paneli zinalipa, lakini wewe AC unaitaka usiku, na usiku ni betri. Betri ya kuendesha feni nne usiku kucha na betri ya kuendesha AC tatu ni bei mbili tofauti kabisa, ya kwanza unanunua ya pili unakopa.

Penseli_Barani
Na mimi sipingi paneli, nyumba ikishakuwa nzuri weka. Tena zikiinuliwa inchi chache juu ya bati hewa ikapita chini yake zinalipa paa kivuli, hiyo ni faida watu hawaihesabu. Lakini kuiwekea AC nyumba yenye paa la slabu tupu isiyo na kivuli ni kupoza zege. Ingia chumba cha chini ya slabu kama hiyo saa tatu usiku, panda kiti, weka kiganja kwenye silingi. Ni vuguvugu kama tumbo la ng'ombe. Chini yake kuna mtu amelala na feni inamteremshia joto lile lile.

Fundi_Kakuyuni
Naona mmefika kwenye paa wacha na mimi niseme kidogo nimeezeka miaka mingi.

Makuti hakuna mfano. Nyumba zetu za udongo huku bara wazee walikuwa wanashusha makuti mpaka chini ukiingia lazima uiname, watu walicheka eti ushamba kumbe ukuta hauoni jua asubuhi wala jioni, hata hiyo magharibi ya Penseli inazibwa. Makuti yanazuia joto na yanapumua. Shida ni moto, na kila baada ya miaka unaezeka upya, na makuti mazuri yaliyoshonwa karibu karibu bei imepanda. Nyumba zikibanana mimi mwenyewe simshauri mtu.

Mabati. Wengi wanataka maroni, bluu iliyoiva, kijani kibichi kwa sababu jirani anayo. Rangi ya giza inameza jua. Chukua jeupe ama krimu iliyopakwa kiwandani, inarudisha jua kwa wingi. Lile bati la kawaida lisilo na rangi likiwa jipya linameta lakini likishapata jua linashika joto kweli, na likishika kutu ndio limekwisha. Na ukiwa karibu na bahari usibane pesa kwenye misumari, hapo ndipo kutu inapoanzia, bati zima misumari imeoza.

Chini ya bati weka ile foili. Sasa mafundi wengine wanaibana katikati ya bati na bodi bila nafasi, hapo umetupa pesa, foili inataka hewa. Acha nafasi, na upande unaong'aa uangalie chini. Ukiuangalisha juu vumbi linatulia juu yake mwaka mmoja mng'ao umekwisha.

Na dari lipumue. Toboa pande zote mbili za paa uweke matundu, hewa ya moto itoke. Lakini weka wavu jamani, weka wavu, Malindi hii popo wakiingia kwenye dari kuwatoa ni kazi ya peke yake na harufu unaijua.

MwanaMkomani
Fundi umenikumbusha. Kwetu yuu ya dari la chokaa kunasimamishwa paa la makuti, wazi pande zote, huko ndiko kupika, kuanika, kulala usiku wa joto. Watalii wanadhani ni pa kupigia picha. Lile makuti kazi yake ya kwanza ni kivuli, dari la tini halipigwi na yua kabisa na upepo unapita katikati.

Na lazima niseme, mtu asije Lamu akadhani atanunua boriti tu kama njugu. Mkoko una sheria zake. Mwaka 2018 serikali ilipozuia ukataji wa miti hata mikoko ikaingia, watu huku walikaa vibaya. Boriti ndiyo iliyotupimia vyumba, urefu wake kama mita mbili na nusu hadi tatu, ndio maana vyumba vya zamani ni vyembamba na virefu.

Limuru_Baridi
Mimi niko Limuru nasoma hii thread nimevaa sweta mbili na soksi. Hapa Julai mnajua ilivyo. Hakuna kitu yetu hapo ndani?

Penseli_Barani
Limuru wewe ndio mwenye ile video, karibu sana 😂 Hiyo nyumba ya kioo ni yako. Lakini sikiliza, kwenye video wanasema kioo kiangalie kusini kwa sababu wako Ulaya na Marekani. Wewe uko kusini mwa ikweta kidogo na baridi yenu ni Juni mpaka Agosti, wakati huo jua liko kaskazini. Kioo chako kiangalie KASKAZINI. Ukinakili kusini utakaa na kioo kikubwa kinachoangalia mawingu na baridi. Sakafu nzito, ya simiti ama tailizi za rangi ya giza, ipigwe na jua mchana, jioni funga mapazia mazito mapema, ziba mianya ya milango. Na sababu huko Julai ni mawingu mengi usitarajie miujiza, lakini siku jua likitoka utalivuna. Ukuta mnene kwako pia unafaa, usiku wenu ni baridi, ile hesabu niliyomfanyia Hesabu_Tu kwako inageuka.

Kijana_wa_Langobaya
vipi nikiweka kibwawa na chemchemi katikati ya nyumba, kuna nyumba za Moroko nimeona maji yanaruka ndani na wanasema inapoza

Hesabu_Tu
Moroko hewa kavu, maji yanakauka yanaondoka na joto. Hapa hewa imelowa tayari hata jasho halikauki mgongoni, hayo maji yatakauka yaende wapi. Utafuga mbu.

Bi_Mwangaza
Na mbu ndio nilitaka kuwauliza. Mnasema madirisha makubwa pande mbili, sawa, lakini bila wavu hapa hulali, na nikiweka wavu upepo unapotea. Wanaume mkichora nyumba mbu hamuwahesabu

Penseli_Barani
Haki yako Bi. Wavu unakula upepo, hilo halipingiki. Njia mbili. Kwanza ongeza ukubwa wa dirisha, kama ulitaka futi nne fanya sita, ndio kufidia. Pili usiweke wavu dirishani, uweke nje kwenye ukingo wa baraza, baraza lote liwe ndani ya wavu. Eneo la wavu linakuwa kubwa mara nyingi kuliko dirisha kwa hivyo upepo unaofika chumbani ni mwingi zaidi, na unapata pa kukaa jioni bila kuumwa. Wavu uwe wa kuvumilia chumvi ya bahari, usiwe wa chuma, utakuwa vumbi jekundu. Chandarua kitandani kibaki vile vile.

Maweni_Dhahabu
Nyinyi mnaongea ramani, sisi huku Manda Maweni ndio tunayachimba hayo mawe kwa mikono na kuyapakia kwenye mashua. Nauliza tu, je jiwe letu la matumbawe ni bora kuliko bloku ya simiti kwa joto ama ni maneno ya wapenda mambo ya kale?

Penseli_Barani
Kaka jiwe lako lina vitundu vitundu ndani, vina hewa, kwa hivyo linapitisha joto pole pole kuliko zege iliyoshiba. Ni jiwe zuri. Lakini usimuuzie mtu kwa kumwambia jiwe peke yake litampoza, ataja kukulaumu wewe. Lipakwe chokaa jeupe nje, liwe kivulini. Chokaa nayo ina faida nyingine, ukuta wa matumbawe unapumua unyevu, ukiuziba kwa simiti kali na rangi ya plastiki unyevu unakwama ndani plasta inaanza kububujika na kumeguka, tumeyaona hayo mengi kwa nyumba za kukarabatiwa.

Ila chokaa nyeupe baada ya mvua za kusi inaota ukungu mweusi upande usiopata upepo. Pigeni upya kila mwaka ukikauka msimu, ukuta ukishakuwa mweusi haurudishi jua tena.

Hesabu_Tu
Sawa basi mimi nimeelewa, nyumba yangu ilikuwa mraba nitaivunja kwenye karatasi. Magharibi nataka miti, mnazi unafaa? halafu nikipanda leo nitafaidi lini

Fundi_Kakuyuni
Mnazi kivuli chake ni cha kuhesabu majani, na nazi ikikuangukia bati utanipigia simu. Panda mwarobaini, unakua haraka, huku umejaa kila mahali na mbuzi hauli sana ukishakomaa. Mkungu pia kivuli chake kizuri ukipenda kufagia. Uache nafasi na ukuta, futi kumi na tano hivi, na usiupande karibu na shimo la choo, mizizi itatafuta maji. Upande mvua ya Aprili ikianza usiungoje nyumba imalizike, nyumba zetu wenyewe mnajua huwa zinachukua miaka, mti utakuwa umekutangulia.

Penseli_Barani
Hiyo ya fundi naunga mkono, mti ndio uwe wa kwanza saiti kabla hata ya kokoto.

Hesabu_Tu nitumie ramani yako inboksi niiangalie, sitakulipisha kwa kuangalia. Lakini tafadhali ichore na mshale wa kaskazini, maana ramani nyingi ninazoletewa zimepigwa muhuri mpaka pembeni na hakuna anayejua nyumba inaangalia wapi. Kama huna dira simama kwenye ploti asubuhi jua likichomoza, piga picha ya kivuli cha nguzo, na mingine jioni likizama, nitumie zote mbili na tarehe. Na uniambie jirani wa magharibi amejenga ghorofa ngapi, akiwa na ghorofa basi amekupa kivuli cha bure na mti tutaupeleka kwingine.